Mchawi Alikwenda, Ugonjwa Ukabaki

Hapa kwetu Vitshumbi, ukingoni mwa kusini mwa Ziwa Edward, kuna masoko mawili.

Soko la kwanza ni la samaki. Asubuhi pirogi zarudi, mama zetu waingia majini hata magotini kuzipokea, na hakuna mmoja wao anunuaye bila kuchungua. Afunua matamvua aone kama ni mekundu. Abonyeza tumbo. Anusa. Samaki aliyeoza hutupiwa marabu, na marabu hawakosi hapa kwetu.

Soko la pili ni la maneno. Hili halifungwi mchana wala usiku, tena bidhaa zake ni za bure. Na katika soko hili watu wale wale, wenye akili ile ile, huchukua kila kiletwacho. Hawafunui matamvua. Hawanusi. Wapeleka nyumbani na kuwalisha watoto wao.

Leo tumeona yafaa kusema wazi juu ya soko hili la pili. Hatutafuti ugomvi na ndugu zetu. Lakini maneno yaliyooza yameua watu hapa, nasi tumewazika. Tutayataja manne ambayo wengi wanayaamini, Wakristo wakiwamo, hata na baadhi ya wale wanaokomunika kila Dominika. Tutasema pia kweli ilivyo. Msomaji ahukumu mwenyewe.

NENO LA KWANZA: «SAMAKI WAMEFUNGWA»

Samaki wamepungua. Hilo si uzushi. Wazee wetu wanaposimulia tilapia waliowavua ujanani, hawajisifu bure. Siku hizi pirogi yaweza kukesha ziwani na kurudi na samaki wasiofika nusu ya kikapu. Basi watu huuliza: nani ametufungia ziwa? Mmoja ataja hirizi iliyozamishwa majini. Mwingine ataja jirani ambaye nyavu zake hujaa kuliko za wenzake. Na jirani yule, ambaye labda kosa lake ni kujua tu mahali pa kutega, huanza kuogopa kutembea usiku.

Lakini tumtazame tilapia mwenyewe, maana yeye ndiye shahidi wa kwanza. Dume huchimba kiota chake penye maji machache, karibu na ukingo. Jike akiisha kutaga, huyachukua mayai kinywani mwake na kuyatunza humo mpaka watoto watoke, na hata baadaye watoto hukimbilia kinywani mwa mama waonapo hatari. Siku zile zote mama karibu hali kitu. Tazama upendo ambao Mwenyezi Mungu ameutia hata katika samaki!

Sasa mvuvi aja na wavu wa kukokota, anaufagilia ukingoni. Au aja na wavu wenye macho madogo, ambao sheria yaukataza, anautega mahali pale pale samaki wanapozalia. Akimtoa majini jike mmoja, ametoa mama, mayai na watoto pamoja. Akitoa kichanga asiyefika urefu wa kidole, ametoa samaki ambaye kesho angezaa. Na pirogi zifanyazo hivi si moja wala kumi. Mwaka hata mwaka zinaongezeka, wala hakuna ziwa duniani liwezalo kuvumilia hivyo, hata kama lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 2,300 kama hili letu. Ndugu, samaki wamefungwa kweli, lakini kamba iliyowafunga imefumwa kwa uzi wa nailoni, na tunaishika sisi wenyewe.

Twajua mtatujibu: «Mkatekista, wewe husikii njaa yetu?» Twaisikia, maana twaila pamoja nanyi. Twajua kwamba baba wa watoto saba hachagui wavu mdogo kwa furaha. Twajua pia kwamba miaka ya vita imeleta ziwani watu wenye silaha, wanaoruhusu kwa malipo yale ambayo sheria inayakataza. Hayo ni maovu makubwa, na yafaa yasemwe kwa wakubwa bila woga. Lakini hayo nayo ni matendo ya watu, mchana kweupe. Hakuna hirizi ndani yake. Na kila siku tunayoitumia kumtafuta mchawi ni siku tuliyowaachia wakosaji wa kweli wapumzike.

Wengine wasema: «Si mchawi, ni kiboko. Yeye ndiye amalizaye samaki.» Kiboko ni mnyama wa hatari, hatukatai. Amepindua pirogi, ameacha wajane. Lakini kiboko hali samaki; chakula chake ni majani. Usiku hupanda nchi kavu, hula majani yapatayo kilo 40, na mchana hurudi majini, na humo hutoa mavi yake. Mavi yale ni mbolea. Hukuza mimea midogo ya majini isiyoonekana kwa macho, nayo mimea ile ni chakula cha tilapia. Mkulima wa Rutshuru angelielewa jambo hili mara moja, maana hajapata kumshitaki ng'ombe wake kwa kutia mbolea shambani.

Katika miaka ya 1970 viboko wa mbuga yetu ya Virunga walihesabiwa kupita 25,000. Mwaka 2005 hawakufika hata 1,000. Waliuawa kwa bunduki kwa ajili ya nyama na meno, hasa katika miaka ya vita, na wengi wetu tuliona ni faida: nyama imepatikana, adui ameondoka. Je, samaki waliongezeka? Ninyi wenyewe mwajua jibu. Hatusemi kwamba kupungua kwa viboko ndiyo sababu pekee. Nyavu zina sehemu yake, nayo ni kubwa. Twasema hivi tu: tulimwua mlishaji tukidhani tunamwua mwizi.

NENO LA PILI: «KIPINDUPINDU NI SUMU YA MTU»

Hapa twaomba msomaji atuvumilie, maana neno hili limetuchoma sisi wenyewe.

Kulikuwa na mama mjane, muuza samaki wa kukaushwa. Jina lake hatutalitaja. Msimu mmoja kipindupindu kiliingia kijijini. Watoto wawili wa nyumba ya jirani yake walianza kutapika na kuhara usiku, na kabla ya jua kuwa kali wote wawili walikuwa wamekufa. Siku iliyotangulia walikuwa wamekula uji kwake. Basi neno likatembea. Adhuhuri lilikuwa mlangoni pa kila nyumba, na jioni vijana walikuwa mlangoni pake na mawe mikononi.

Sisi tunaoandika haya tulikuwapo. Tulijua amri ya nane ya Mungu. Tulikuwa tumewafundisha vijana wale wale amri hiyo kabla ya komunio yao ya kwanza. Tulisimama nyuma ya watu, tukanyamaza. Tulijiambia kwamba wakati ule haukufaa kwa mafundisho. Mzee mmoja asiye Mkristo ndiye aliyejiweka mbele ya mlango, na kwa ajili yake mama yule hakupigwa. Alfajiri alipanda lori la samaki na sufuria zake mbili, akaenda zake. Hakurudi.

Siku ya tatu baada ya kuondoka kwake, watu wengine wanne walianza kutapika, upande wa pili wa kijiji. Mchawi alikuwa amekwenda. Ugonjwa ulibaki.

Sasa tuseme kweli ilivyo. Kipindupindu huletwa na kijidudu kidogo sana, kisichoonekana ila kwa hadubini. Mtu mgonjwa hukitoa katika choo chake. Kikiingia katika maji, na mtu mwingine akiyanywa maji yale, kijidudu kile huzaliana tumboni, nalo tumbo hufungua maji ya mwili wote kama bwawa lililobomoka. Mtu mzima mwenye nguvu aweza kufa kwa saa chache, kwa kukaukiwa tu. Kwa hiyo chaonekana kama sumu. Huua upesi, huua watu wa nyumba moja, tena mara nyingi huonekana baada ya watu kula pamoja. Lakini waliokula pamoja wamekunywa pamoja pia. Na matangani, yule aliyemwosha marehemu mara nyingi ndiye anayepika ugali wa wageni. Hakuna haja ya mchawi hapo. Mikono isiyonawiwa yatosha.

Tena tutazame tunakochota maji. Mahali pamoja ukingoni pirogi zafika, samaki watumbuliwa, nguo zafuliwa, watoto wajisaidia, na hapo hapo binti ajaza dumu la maji ya kunywa. Ukimwonya, wajibu: «Babu zetu waliyanywa maji haya.» Kweli, waliyanywa. Lakini babu zetu walikuwa wachache, na ukingo ulikuwa mpana. Tena kipindupindu hiki cha siku zetu kilianzia Indonesia mwaka 1961, kikafika Afrika mwaka 1970, na katika miaka ile ile ya 1970 kikaingia mashariki mwa Kongo. Babu aliyekunywa ziwa mwaka 1950 hakumkuta mgeni huyu ndani ya kikombe chake. Wewe waweza kumkuta.

Wala mtu asidhani kwamba ujinga huu ni wa Waafrika. Mwaka 1854, katika mji wa London, kipindupindu kiliua mamia ya watu katika mtaa mmoja. Wakubwa na wenye elimu walisema ni hewa mbaya. Mganga mmoja, John Snow, alikwenda nyumba kwa nyumba akiuliza swali moja: mlichota maji wapi? Akaona kwamba karibu wote waliokufa walichota katika pampu moja ya mtaa wa Broad. Akaomba mpini wa pampu ile uondolewe, nao ukaondolewa. Hata hivyo wengi hawakumsadiki, naye alifariki mwaka 1858 kabla watu wote hawajakubali. Mwaka 1884 ndipo Robert Koch, Mjerumani, alipotangaza kwamba amekipata kijidudu chenyewe. Basi Waingereza pia walinunua neno lililooza, nao walizika watu wao.

Na sisi wa Kivu hatuwezi kusema hatukuonywa. Mwezi wa Julai 1994, wakimbizi wa Rwanda walipofurika Goma, karibu watu 50,000 walikufa katika mwezi wa kwanza, wengi wao kwa kipindupindu na kuhara damu. Walikunywa maji waliyoyakuta. Je, kulikuwa na wachawi wangapi wa kuwaua watu wote wale kwa mwezi mmoja?

Tazameni sasa hasara ya neno hili. Anayesadiki sumu humfukuza mjane, kisha humpeleka mtoto wake kwa mganga wa kienyeji atoe sumu. Saa mbili zapita, saa tatu zapita, na mtoto anakauka. Lakini dawa ya kwanza i jikoni mwake. Chukua lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa. Tia vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi. Koroga, mnyweshe mgonjwa kidogo kidogo bila kukoma, na huku umpeleke kituo cha afya. Mwaka 1971, katika kambi za wakimbizi huko Uhindi, mganga Dilip Mahalanabis aliishiwa na dawa ya kutia mishipani. Akawanywesha wagonjwa maji ya chumvi na sukari, na maelfu waliokoka. Leo mgonjwa atunzwaye mapema karibu hafi kamwe. Katika wagonjwa mia hafi hata mmoja. Kwa nini basi wetu wanakufa? Kwa sababu tumekwenda kumtafuta mchawi wakati tulipopaswa kutafuta chumvi.

NENO LA TATU: «MAZUKU NI ROHO MBAYA»

Neno hili si la ziwa letu. Ni la ndugu zetu wa Goma na Sake, ambako samaki wetu huuzwa na ambako vijana wetu huenda kutafuta kazi. Kule kuna mabonde madogo na mashimo kati ya mawe ya volkano ambamo mbuzi huonekana wamekufa asubuhi bila jeraha. Mara nyingine ni mtoto. Watu wasema ni mazuku, upepo mwovu utembeao usiku, nao wengine huongeza kwamba umetumwa na mtu.

Kweli ni hii. Chini ya nchi ile mna moto wa volkano, nao hutoa hewa ya kaboni, isiyo na rangi wala harufu. Hewa hii ni nzito kuliko hewa tunayoivuta, kwa hiyo hutiririka na kukaa bondeni kama maji yakaavyo shimoni. Usiku na alfajiri, upepo ukitulia, hujaa. Jua na upepo vikija, hutawanyika. Ndiyo maana kuku hufa kabla ya ng'ombe, na mtoto kabla ya mtu mzima: aliye mfupi amezama, aliye mrefu kichwa chake ki juu bado. Ndiyo maana pia mama aonaye mtoto ameanguka, akainama kumwinua, naye huanguka. Huko Kamerun, mwezi wa Agosti 1986, hewa hii ilitoka kwa ghafla katika Ziwa Nyos, ikaua watu zaidi ya 1,700 kwa usiku mmoja.

Tusiwacheke wazee. Wazee walisema: usilale bondeni, usipite pale alfajiri. Onyo lao lilikuwa la kweli, walilipata kwa macho yao na kwa machozi yao, tulishike. Lakini sababu waliyoitoa haikuwa ya kweli, nayo ina hatari yake. Anayedhani mazuku ni roho hununua hirizi, huivaa shingoni, kisha hushuka bondeni bila hofu.

NENO LA NNE: «EBOLA NI BIASHARA»

Maneno matatu ya kwanza huua mmoja mmoja. Hili la nne lilipewa silaha.

Tarehe 1 Agosti 2018 ilitangazwa kwamba Ebola imeingia Kivu ya Kaskazini. Ilidumu karibu miaka miwili, mpaka tarehe 25 Juni 2020, katika jimbo letu, Ituri na kidogo Kivu ya Kusini. Waliopatwa walikuwa 3,470, na waliokufa 2,287. Katika siku zile sote tulisikia maneno haya: hakuna ugonjwa, ni biashara ya wakubwa, chanjo ndiyo iuayo, wagonjwa hupelekwa kambini ili wamalizwe. Wagonjwa wakafichwa. Maiti wakaoshwa usiku kwa siri, na waliowaosha wakafuata kaburini. Vituo vya matibabu vikachomwa moto. Tarehe 19 Aprili 2019, huko Butembo, mganga Richard Mouzoko, mwana wa Kamerun, aliuawa kwa risasi hospitalini. Alikuwa ameacha nchi yake na watoto wake kuja kutuponya sisi.

Tuseme kwa haki: neno hili lilikuwa na mbegu. Watu walikuwa wamechinjwa miaka mingi huko Beni na hakuna aliyekuja na magari. Ebola ilipokuja, magari yakaja mengi mara moja. Aliyelia peke yake muda mrefu huwa na shaka anapoona wageni wengi. Shaka ile twaielewa. Lakini tangu kushuku mpaka kuua ni mbali sana, na kati yake palikuwa na nafasi ya kuuliza. Ugonjwa wenyewe ulikuwapo kweli. Zaidi ya watu 300,000 walipewa chanjo, na walio wengi wako hai, baadhi yao twasali nao benchi moja.

Na hapa sisi Wakatoliki tuna neno letu la kuungama. Ebola ilipojulikana kwa mara ya kwanza, mwaka 1976, ilikuwa Yambuku, katika hospitali ya misioni yetu. Masista wale walikuwa na moyo wa upendo, lakini sindano zao zilikuwa chache, zikatumiwa kwa mgonjwa huyu na yule bila kuchemshwa inavyopasa, na ugonjwa ukaenea kwa sindano zile. Masista wenyewe walikufa kati ya wagonjwa wao. Mungu awape raha ya milele. Upendo wao haukuwa na kasoro. Maarifa ndiyo yaliyopungua. Kwa hiyo asituambie mtu kwamba nia njema yatosha. Nia njema isiyojua kweli huweza kubeba kifo kutoka kitanda hata kitanda.

MAJIBU KWA WANAOTULAUMU

Watatuuliza: «Je, katekista, wewe wakana kwamba Shetani yupo?» La hasha! Shetani yupo, na katika ubatizo tumemkataa. Lakini Bwana wetu mwenyewe alimwita baba wa uongo. Basi tukitaka kuona kazi yake hapa Vitshumbi, tusiitafute kwenye maji ya ziwa. Tuitafute kwenye ulimi uliomshitaki mjane.

Tusome Injili. Wanafunzi walipomwona kipofu tangu kuzaliwa, waliuliza mara moja ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Ni swali letu lile lile: nani alimfanya hivi? Bwana Yesu aliwajibu kwamba si yeye wala wazazi wake. Mnara wa Siloamu ulipoanguka ukaua watu 18, alikataa kusema kwamba wale walikuwa wakosefu kuliko wengine. Na Mtakatifu Petro, mvuvi kama ninyi, alikesha usiku kucha bila kupata hata samaki mmoja. Je, asubuhi Bwana alimkuta akimtafuta mchawi? Alimkuta akiosha nyavu.

Watasema tena: «Lakini wataalamu nao hukosea.» Ndiyo, hukosea, kama London, kama Yambuku. Hata wakubwa wa Kanisa walikosea: mwaka 1633 walimhukumu Galileo kwa kufundisha kwamba dunia ndiyo izungukayo jua, na mwaka 1992 Baba Mtakatifu Yohane Paulo II alikiri waziwazi kosa lile. Tofauti ni hii: mtu wa kweli akioneshwa kosa, hulikiri na kulirekebisha. Je, mmepata kumsikia mchongezi hata mmoja aliyesimama sokoni akasema, «Jana nilikosea, mama yule hana hatia»?

TUFUNUE MATAMVUA

Basi, ndugu wasomaji, neno likija mlangoni pako, ulifanye kama umfanyavyo samaki. Uliza kwanza: nani aliyeona kwa macho yake? Si aliyesikia kwa shemeji wa rafiki. Uliza pili: kama neno hili ni kweli, tungeona nini kingine? Kama mjane ndiye sumu, akiondoka ugonjwa ungekoma. Kama kiboko ndiye mwizi, akifa nyavu zingejaa. Uliza tatu: neno hili lanitaka nifanye nini? Hapa angalia sana. Uongo mara nyingi hukutuma umfanyie mwingine jambo: mfukuze, mpige, mchome. Kweli mara nyingi hukutuma ufanye kazi wewe mwenyewe: chemsha maji, chimba choo, nawa mikono, rudisha wavu mdogo, acha mahali pa kuzalia samaki. Ndiyo maana uongo hupendwa. Ni mwepesi kubeba.

Wazazi, wafundisheni watoto maswali haya matatu pamoja na sala zao za jioni. Wakubwa wa jumuiya zetu ndogo, ugonjwa ukiingia, msikutane kwanza kuuliza ni nani. Kutaneni kuuliza ni maji gani. Na aliyemchongea mtu hadharani asidhani kitubio peke yake chatosha. Aliyeiba hurudisha, aliyeiba jina la jirani naye hana budi kulirudisha, mahali pale pale alipoliiba, mbele ya watu wale wale.

Nasi twaanza na deni letu. Mama, hatujui uliko. Kama u hai, na kama kuna mtu atakayekusomea karatasi hii, sikia: watoto wale hukuwaua. Ni maji. Tulipaswa kusema hivyo jioni ile mlangoni pako, tukanyamaza. Twasema leo, mbele ya Vitshumbi yote, na kukuomba radhi. Nyumba yako ingalipo.